Ubao Ulioachwa Safi

Tangu nilipokabidhi funguo za kabati la Sayansi, ninyi wenzangu mliobaki mmekuwa mkinipigia simu kila wiki kuuliza kitu fulani kiko wapi. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa yale ninayoyakumbuka, msome kwa zamu wakati wa chai. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilipangiwa Kilosa moja kwa moja kutoka chuoni, na shule yangu ya kwanza ilikuwa pale Magomeni. Nilifika Jumatatu asubuhi na sanduku langu la bati. Mwalimu Mkuu aliniuliza kama nimekunywa chai, nikasema ndiyo, akasema basi darasa la sita linakungoja. Hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yangu kazini. Nilifundisha mmeng'enyo wa chakula kwa dakika arobaini, nikaujaza ubao kuanzia juu kabisa hadi chini ambako ilinibidi nipige magoti. Kengele ilipolia nikatoka nikijiona nimemaliza elimu yote.

Mlangoni nilipishana na mwalimu wa Jiografia. Huyo ndiye Mzee Yoeli. Alikuwa amekaribia hamsini tu, lakini shule nzima ilimwita Mzee kwa vile alivyotembea taratibu, mikono nyuma, na shati lenye kola iliyonyooshwa kwa pasi hata siku za kulima bustani ya shule. Alikuwa mtu wa milimani, kasomeshwa na misheni, na mambo yake yote yalikuwa na utaratibu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaingia. Kupitia dirishani nilimwona akishika dasta na kuufuta ubao wangu mstari kwa mstari, bila haraka, darasa zima likimtazama kimya.

Mchana alinikuta ofisini nikisahihisha.

"Mwalimu Tabitha, umefundisha vizuri," akasema. "Nimesoma yote wakati nafuta."

"Ahsante, Mzee."

"Lakini ule ubao ni wa wote. Ukitoka, mwachie mwenzako ukiwa safi. Huo ndio ustaarabu wetu sisi walimu. Mtu asiingie darasani akaanza kazi kwa kusafisha uchafu wa mwingine."

Niliomba radhi kwa moyo wote. Kesho yake nikasahau tena.

Nilisahau kwa miaka tisa. Haikuwa kiburi, naapa. Kengele ikilia mimi akili yangu huwa imeshafika darasa jingine, na ratiba yetu kwa sababu anazozijua aliyeipanga ilimweka Mzee Yoeli nyuma yangu mwaka hadi mwaka. Hakunisema tena. Aliingia, akafuta, akaanza kipindi. Siku moja nilisikia wanafunzi wakibishana kama Mzee Yoeli ameajiriwa kufundisha Jiografia au kumfutia ubao Mwalimu Tabitha. Niliona aibu, na bado nikaendelea kusahau.

Katika miaka hiyo nchi ilikuwa inafunguka. Ninyi vijana mmekuta maduka yamejaa, hamwezi kujua ilivyokuwa kuona sabuni za aina tano kwenye duka moja pale Magomeni ukashindwa kuchagua. Mitumba ikaingia, redio za watu binafsi zikaingia, na vitabu navyo vikaingia. Zamani kitabu cha somo kilikuwa kimoja nchi nzima. Sasa kila kampuni ikatoa chake, na kila shule ikanunua ilichoweza au ilichopewa. Masanze walikuwa na kitabu cha rangi ya kijani, Mikumi walikuwa na cha bluu, Msowero walikuwa na vitatu vya kijani kwa darasa zima, na sisi tulikuwa na cha zamani kilichopoteza jalada. Vitabu hivyo havikukubaliana hata juu ya aina za udongo. Mtihani wa darasa la saba, hata hivyo, ulibaki mmoja.

Tuliokerwa zaidi tukaanza kukutana Jumamosi kwenye Kituo cha Walimu pale mjini. Mwalimu Perpetua alitoka Mikumi siku ya Ijumaa, akidandia lori kutoka barabara kuu, akalala kwa shemeji yake. Mwalimu Lemburis, kijana mrefu wa jamii ya wafugaji, alikuja na baiskeli kutoka Msowero, vumbi limempaka hadi kope. Mwalimu Daudi alitoka Masanze, na hakuna Jumamosi aliyokuja bila mahindi ya kuchoma au maelezo marefu. Mzee Yoeli na mimi tulikuwa wenyeji. Kwanza tuliandika kwa mkono. Halafu mradi mmoja ukatuletea kompyuta.

Ilikuwa imeshatumika mahali pengine na ilikuwa nzito kama gunia la mpunga. Tukaiweka kwenye chumba chenye kitasa, tukaifunika kitambaa cha kufumwa alichokitoa Mama Salome, mhudumu wa kituo. Fundi akaja kutoka Morogoro, akatufundisha siku tatu: kuwasha, kuandika, kuhifadhi, kunakili kwenye disketi. Siku ya mwisho akauliza kama kuna swali. Mzee Yoeli akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Na kufuta, mtu anafutaje?"

Tulicheka. Fundi akamwonyesha: unachagua yote, unabonyeza hapa, ukifunga mashine itakuuliza kama uhifadhi mabadiliko, unajibu. Mzee akayaandika kwenye kidaftari chake kwa herufi kubwa. Wakati ule mtoto wa jicho alikuwa ameshaanza kumwingia macho yote mawili. Hospitali walimwambia asubiri zamu yake, naye akasema atasubiri hadi astaafu, kwa kuwa mwaka wake wa mwisho hataki kuukosa darasani.

Kazi yetu ilikuwa kuandika kijitabu kimoja cha Sayansi na Jiografia ya hapa kwetu, ambacho mtoto wa Masanze na wa Mikumi wangekisoma wote. Ofisi ya elimu ilituahidi karatasi na mashine ya kudurufu, mradi kazi ifike kabla shule hazijafungwa Desemba. Zikifungwa, karatasi zingekwenda kwingine. Mzee Yoeli alikuwa anastaafu Desemba hiyo hiyo. Hakusema mara nyingi, lakini siku moja tukifunga chumba aliniambia, "Ningependa kukiona mikononi mwa watoto wakati bado naona mikono yao." Tangu hapo kila Jumamosi niliyoikosa niliiona kama dhambi.

Msidhani tulikaa tukaandika kwa upendo. Tuligombana. Ugomvi mkubwa ulikuwa wa sentensi moja. Mwalimu Daudi aliandika, "Mifugo mingi huharibu ardhi," akahamia aya nyingine. Lemburis akasogeza kiti.

"Mwalimu Daudi, samahani. Mingi ni mingapi? Na ardhi ipi?"

"Ardhi yetu. Njoo Masanze nikuonyeshe shamba langu."

"Nami njoo nikuonyeshe mahali mlipolima hadi ukingoni, mto ukala shamba na njia ya ng'ombe."

Perpetua akasema kwao Mikumi tatizo ni tembo, na tembo hajali nani mkulima nani mfugaji, akaomba tuendelee. Hatukuendelea. Sentensi ile ilichukua Jumamosi tatu. Mwisho ikasomeka hivi: ng'ombe wakikaa mahali pamoja muda mrefu nyasi hazipati nafasi ya kuota, wakihamishwa kwa wakati nyasi hurudi, na mkulima akilima hadi ukingoni mwa mto, ukingo hubomoka. Kila mmoja alibeba lawama yake. Daudi na Lemburis walitoka nje wakagawana hindi moja, na mimi nikaona kwamba hakuna kitabu cha dukani, kiwe cha kijani au cha bluu, ambacho kingeweza kuandika sentensi ile.

Kila tulichokubaliana tulikwenda kukijaribu darasani wiki iliyofuata, tukarudi na maswali ya watoto, tukarekebisha. Mimi ndiye niliyechapa, kwa vidole viwili. Sura ya mto Mkondoa ilikuwa ya Mzee Yoeli. Kila mwaka baada ya masika alikuwa akipima kwa hatua zake kutoka kisiki fulani hadi ukingoni, aone mto umekula kiasi gani. Daftari la vipimo lilikuwa limeliwa na mchwa, lakini mengi alikuwa nayo kichwani na mengine alikuwa amewafundisha wanafunzi. Alifumba macho akanisomea, mwaka kwa mwaka, nami nikachapa. Karatasi hatukuwa nayo, na printa ilikuwa pambo. Yote yalikuwa ndani ya mashine na kwenye disketi moja niliyoihifadhi kwenye kopo la biskuti.

Jumamosi moja ya Oktoba niliwahi kufika. Utaratibu niliojiwekea ulikuwa kwamba kabla ya jambo lolote, nanakili kazi kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye disketi, hata kama sijaifungua. Nikanakili. Mashine ikaniuliza kama nibadilishe ile ya zamani, nikakubali kama kawaida. Kisha nikaifungua kazi yetu.

Ilikuwa nyeupe. Jina la kijitabu lilikuwepo kwenye orodha, lakini ndani hakukuwa na hata nukta. Nikafungua disketi: nyeupe vilevile, kwani nilikuwa nimeshanakili huo weupe juu ya kazi ya mwaka mzima. Nikatoka nje nikamkuta Mama Salome anafagia.

"Mama Salome, nani aliingia humu?"

"Hakuna mtu. Jana tu alikuja Mzee Yoeli, aliniomba ufunguo. Alikaa na hiyo kompyuta saa nzima, amezikuza zile herufi kubwaaa kama za kwenye bango la duka. Kasema anajifunza ili asikusumbue." Akaegemea ufagio. "Alipotoka kafurahi kweli. Kasema, mwambie Mwalimu Tabitha nimemwachia safi."

Nilikaa chini pale pale kwenye ngazi. Nilimwona mbele yangu kama vile nilikuwepo: amemaliza kusoma sura yake, ameridhika, akachukua kidaftari chake cha herufi kubwa, akachagua yote, akafuta, na mashine ilipomuuliza akajibu ndiyo. Kwake ule ulikuwa ubao. Mwenzake anaingia kesho, asikute uchafu.

Nilimwambia Mama Salome, "Tafadhali, hilo la Mzee libaki kwako." Akanitazama, akaelewa, akaendelea kufagia. Mama yule angeweza kuendesha wizara.

Wenzangu walipofika nikawaambia kazi imepotea na aliyeifuta ni mimi. Nusu ilikuwa kweli, kwa sababu bila mkono wangu disketi ingekuwa salama. Mzee Yoeli alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Alivua miwani, akaifuta kwa leso kwa muda mrefu. Nikashukuru Mungu kwamba hakuelewa.

Wengine walinipa vidonge vyangu. Lemburis, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, alisema, "Dada Tabitha, mimi natoka Msowero na baiskeli. Na baiskeli!" Daudi alisema anaondoa jina lake kwenye kijitabu. Perpetua alisimama, akafunga kanga yake ya mabegani kwa nguvu.

"Ungetuambia tu kwamba hukuitaka kazi hii," akasema. "Mwaka mzima nalala kwa shemeji! Wanafunzi wangu wana kumbukumbu kuliko hiyo mashine yako unayoivisha vitambaa."

Akaondoka. Yalikuwa maneno ya hasira, na yaliniuma mpaka nikalia njiani kurudi nyumbani. Lakini Jumamosi iliyofuata Perpetua akarudi na kifurushi kilichofungwa kwa kamba ya katani, akakitua mezani bila kunisalimia. Yalikuwa madaftari ya wanafunzi wake ishirini. Sura ya wanyama na mazao, tuliyoijaribu darasani kwake, ilikuwamo yote, kwa miandiko ishirini, mingine ikiwa na picha za tembo zilizofanana zaidi na nguruwe.

"Si nilisema?" akasema, bado amenuna. "Someni."

Basi kila mmoja akarudi shuleni kwake kuomba madaftari. Watoto walishangaa, maana maisha yao yote mwalimu huchukua daftari ili asahihishe, sasa anachukua ili anakili. Tuliyapanga mezani tukasoma kwa sauti, mmoja akisoma na mwingine akilinganisha, nami nikichapa. Daftari moja likiwa na pengo, jingine lilikuwa na jibu. Tena tulipata zaidi ya tulichopoteza, kwani pembeni watoto walikuwa wameandika maswali ambayo hatukuwahi kuyasikia. Mmoja wa Masanze aliandika, "Kama nyasi hurudi, zilikuwa zimekwenda wapi?" Tukalitia kwenye kijitabu lilivyo.

Siku tuliyofika kwenye ile sentensi ya Jumamosi tatu, Daudi alisoma kutoka daftari la Masanze na Lemburis akafuata kwa kidole kwenye daftari la Msowero. Zilikuwa sawa, neno kwa neno. Mtoto wa mkulima na mtoto wa mfugaji, ambao hawajawahi kuonana, walikuwa wameandika kitu kimoja kuhusu ardhi moja. Lemburis akasema, "Basi kumbe haikupotea." Kuanzia siku hiyo akaanza kunisalimia vizuri tena.

Vipimo vya Mkondoa vilitusumbua mpaka mwisho. Mzee alikumbuka vingi, vingine akavichanganya. Nikazunguka Magomeni nyumba kwa nyumba kuwatafuta wanafunzi wake wa zamani. Dada mmoja aliyekuwa akiuza maandazi alikuwa amefungia maandazi hayo kwa kurasa za madaftari yake ya shule, na katika zile zilizobaki, chini ya kichwa cha habari kilichopigiwa mstari kwa rula, nikakuta jedwali la hatua za Mzee Yoeli, mwaka kwa mwaka, likiwa na doa moja tu la mafuta. Nilinunua maandazi yote kwa furaha. Tulikula ofisini siku mbili.

Kazi ilifika ofisi ya elimu siku nne kabla ya shule kufungwa. Safari hii disketi zilikuwa tatu: moja ililala Masanze, moja Msowero, moja Mikumi. Kwangu haikulala hata moja, na mimi mwenyewe ndiye niliyependekeza. Nawashauri nanyi mfanye hivyo hivyo na hivyo vidude vyenu vya siku hizi.

Vijitabu vilitoka vikinuka wino, herufi zimefifia kwenye kurasa za katikati. Siku ya mwisho ya Mzee Yoeli tuliviingiza darasa la sita wakati wa kipindi chake. Mimi ndiye niliyekuwa na kipindi kabla yake, na kama kawaida ubao ulikuwa umejaa. Aliingia, akaufuta, kisha akapita dawati kwa dawati akimkabidhi kila mtoto kijitabu mkononi, ameinama karibu kabisa ili aone. Alichukua muda mrefu. Hakuna aliyemharakisha.

Baadaye tulikaa wawili kwenye benchi la nje ya ofisi. Alikuwa na chake mapajani, anakipapasa jalada.

"Mwalimu Tabitha," akasema, "ile kompyuta niliifuta mimi."

Nikajaribu kukataa. "Hapana, Mzee, mimi ndiye..."

"Mwanangu." Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. "Nilijua palepale uliposema ni wewe. Miaka tisa naingia darasani nyuma yako. Wewe hujawahi kufuta kitu chochote."

Nilicheka huku machozi yakinitoka. Akaningoja nimalize.

"Kwa nini hukusema, Mzee?"

"Mwanzoni niliona aibu, sitakuficha. Halafu nikaona wamekukasirikia. Nikafikiri, nikisema ni mimi watanihurumia, watanipikia chai, kazi itakufa. Wewe wakikukasirikia watafanya kazi ili wakuonyeshe." Akageuza uso wake kwangu. "Ulibeba mzigo wangu miezi miwili. Nisamehe."

Nikamwambia alikuwa amenifutia ubao miaka tisa, hatudaiani. Alipata upasuaji wake Morogoro mwaka uliofuata, akaona tena vizuri, na jambo la kwanza alilonitumia lilikuwa orodha ya makosa ya uchapaji katika sura yake.

Mengine ya kazi yangu mnayajua, wengi wenu mlikuwepo. Nitamalizia na siku yangu ya mwisho. Nilifundisha mmeng'enyo wa chakula kwa darasa la sita, somo lile lile nililoanza nalo. Kengele ikalia, nikafika mlangoni, nikasimama. Kisha nikarudi, nikashika dasta, nikaufuta ubao wote, mstari kwa mstari, bila haraka, hadi chini ambako magoti yangu sasa yanalalamika. Nilipogeuka, Mwalimu Neema, anayefundisha baada yangu, alikuwa amesimama mlangoni amekumbatia vitabu vyake.

"Jamani, Mama Tabitha," akasema, "leo ndiyo umefuta? Nilikuwa nataka kunakili ule mchoro wako kabla hujatuacha."

Nikampa dasta.

"Waombe watoto," nikamwambia. "Umo kwenye madaftari yao."